Kitabu kimekatazwa: kukitoa, kukifungia, kukihamisha, kukipiga picha au kukataa?

Amri ya kuondoa kitabu kwenye rafu huja kwa barua mara chache sana. Huja kwa mdomo: simu kwa prefe (mkuu) wa shule, mgeni wa komini (serikali ya mtaa mjini) aliyepita "kusalimia tu", au mwalimu anayenong'ona kwamba kitabu fulani kimetajwa ofisini. Hapa Lubumbashi, nchini Kongo, mkutubi wa shule ya Katuba, au wa biblioteke ya parokia katika komini iitwayo Kenya, hujikuta ana siku moja au mbili za kuamua, na mara nyingi huamua peke yake.

Njia zilizo mbele yake ni tano. Tunazipima kwa maswali matatu. Je, wasomaji watabaki salama? Kitabu kitaweza kurudi siku hali ikibadilika? Na je, itajulikana kwamba kulikuwa na katazo, au litapita kana kwamba halikuwepo? Maswali haya hayana uzito sawa. Kitabu huchapwa tena, lakini jina la msomaji likishasomwa na asiyestahili kulisoma, basi limesomwa. Ndiyo maana sehemu tunayoisisitiza zaidi hapa inahusu daftari la mikopo, ingawa kitabu kinapokatazwa karibu hakuna anayelikumbuka.

Kukitoa kimyakimya

Wengi huchagua hii kwa kuwa haina kelele. Kitabu kinatoka rafuni, fishi yake (kadi ya maelezo yake) inatoka kwenye katalogi, namba yake inafutwa kwenye rejista, na baada ya mwaka hakuna awezaye kuthibitisha kwamba kiliwahi kuwepo. Aliyeamuru hakuacha alama yoyote. Mkono unaoonekana ni wa mkutubi, na siku watu wakiuliza, yeye ndiye atakayejibu.

Hasara ya pili ni kwamba utiifu huu haumalizi neno. Malawi ya Kamuzu Banda ilikuwa na sheria ya ukaguzi wa vitabu tangu 1968 pamoja na bodi ya kuisimamia. Mashairi ya Jack Mapanje yaliyochapwa 1981 yaliondolewa mikononi mwa wasomaji nchini humo, na bado mwenyewe alikamatwa 1987 akakaa gerezani bila mashtaka hadi 1991. Kuondoka kwa kitabu hakukumlinda mtu.

Kuna ombi moja linalofanana na hili lakini ni baya zaidi: "Tupatie orodha ya vitabu vibaya ulivyo navyo." Wenye madaraka kwa kawaida hawavijui vitabu; wanamhitaji anayevijua. Orodha zilizotumika Ujerumani kabla ya vitabu kuchomwa hadharani tarehe 10 Mei 1933 ziliandaliwa na mkutubi wa Berlin, Wolfgang Herrmann. Askari na wanafunzi walibeba mienge, lakini ujuzi ulitoka maktabani. Ukiulizwa orodha ya namna hiyo, usiitunge hata kwa majina matatu. Onyesha katalogi nzima kama inavyoonyeshwa kwa msomaji yeyote, na mwenye kutaka achague mwenyewe.

Kama umelazimika kabisa kukitoa, usikifiche ndani ya kazi ya kawaida ya kupunguza vitabu vilivyochakaa. Kazi hiyo ina vigezo vyake. Maktaba za Kifaransa huvifupisha kwa herufi IOUPI: kitabu chenye makosa, cha kijuujuu, kilichochakaa, kilichopitwa na wakati, au kisichofaa mkusanyo huo. Hofu haimo kati ya herufi hizo tano. Kwenye rejista ya kuingiza vitabu andika: "Kimetolewa kwa agizo la mdomo, bila barua", kisha tarehe na sahihi. Usiandike jina la aliyekupa habari. Namba ya kitabu iache wazi, usiipe kitabu kingine, kwa sababu pengo kwenye mfululizo wa namba ndilo litakalosema miaka ishirini baadaye.

Kukifungia kabatini

Hapa kitabu kinabaki ndani ya nyumba lakini hakionekani rafuni. Katika Ujerumani Mashariki, Deutsche Bücherei ya Leipzig ilikuwa na hifadhi ambayo watu waliiita kabati la sumu, na msomaji alihitaji kibali maalumu kuifikia. Moscow na miji mingine ya Umoja wa Kisovyeti walikuwa na hifadhi maalumu tangu miaka ya 1920. Zilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na vitabu vikakutwa humo, vizima. Vile vilivyotolewa kimya na kupelekwa kiwandani kusagwa havikukutwa. Kwa swali la pili kati ya yale matatu, kabati linashinda wazi.

Kasoro yake ilikuwa kibali. Kila aliyetaka kusoma aliacha karatasi yenye jina, kazi yake na sababu. Afrika Kusini ya ubaguzi, vyuo vikuu viliruhusiwa kushika baadhi ya vitabu vilivyopigwa marufuku kwa ajili ya utafiti, navyo vilikuwa chini ya kufuli na ruhusa. Mwenye kutafuta watu wa kuwafuatilia hakuhitaji kuzunguka mji mzima, maana orodha ilikuwa imeandaliwa tayari kwa mwandiko wa wahusika wenyewe. Kwa hiyo kabati linafaa, lakini daftari la vibali lisiwepo kabisa.

Namna ya kulipanga bila kutega mtego: chukua kabati la kawaida la chuma lenye milango miwili na rafu nne za sentimita 90. Hilo lina mita 3.6 za vitabu, yaani kama vitabu 120 hadi 140 vya unene wa kawaida. Lijaze kwanza na vitu ambavyo hata siku ya amani hukaa chini ya ufunguo: kamusi kubwa, atlasi, magazeti ya zamani yanayokatika, mitihani ya dola ya miaka iliyopita. Vitabu vyenye utata visizidi moja kati ya vitano, na vichanganywe na vingine kwa namba, visipangwe pamoja. Fishi ya kila kitabu ibaki kwenye katalogi ikiwa na maneno "Uliza mezani", maneno yale yale yaliyo kwenye fishi ya kamusi. Hapo msomaji anayeuliza haonekani tofauti na anayetaka atlasi.

Vinasomwa hapo hapo, haviazimwi. Kitabu kikitoka, mahali pake weka kipande cha mbao chenye namba ya kitabu tu. Kikirudi, mbao inatoka. Hakuna cha kuandika.

Yanayoharibu mpango huu yanajulikana. La kwanza ni alama ya pekee, kama kibandiko chekundu au nukta ya kalamu mgongoni mwa kitabu. Maktaba za Kisovyeti zilipiga muhuri kila kitabu cha hifadhi maalumu, na mtu aliyekishika alijulikana kwa mbali. La pili ni ufunguo mmoja kwa mtu mmoja. Akiugua au akihamishwa, kabati limekufa. La tatu ni ukungu. Lubumbashi mvua hukolea Novemba hadi Aprili, na kabati la chuma lililobanwa kwenye ukuta wa nje hutoa jasho kwa nyuma. Liache sentimita 10 kutoka ukutani, uinue miguu yake juu ya matofali, na ufungue milango yote miwili angalau mara moja kwa wiki.

Halafu weka tarehe ya kuangalia upya. Miezi sita inatosha. Iandike kwenye rejista siku ile ile kitabu kinapoingia kabatini, na ikifika bila barua yoyote kutoka kwa yeyote, kitabu kirudi rafuni. Bila tarehe hiyo, kabati huwa njia ya kwanza iliyovaa nguo nyingine.

Kukihamisha

Mfano unaojulikana zaidi Afrika ni Timbuktu. Mwaka 2012 mji ulipokuwa mikononi mwa makundi yenye silaha, Abdel Kader Haidara na wenzake walitoa maelfu kwa maelfu ya hati za kale ndani ya masanduku ya bati, wakazificha nyumbani kwa watu kisha wakazisafirisha hadi Bamako kwa gari na kwa mtumbwi. Januari 2013, kabla ya kukimbia, wapiganaji walichoma hati zilizobaki katika Taasisi ya Ahmed Baba, na waliotazama hasara wakazikadiria kuwa kama 4,000.

Mfano huu huwatia watu wengi moyo mahali usipowafaa. Hati za Timbuktu hazikuwa na nakala, lakini vitabu vingi vinavyokatazwa mjini kwetu vinazo mamia. Kabla ya kupakia chochote, uliza kwanza kama kitabu kiko kwingine. Sheria ya Kongo ya 1974 inawataka wachapaji kuweka nakala kwenye hifadhi ya taifa Kinshasa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina maktaba zake. Huko Ubelgiji, makumbusho ya Afrika ya Tervuren na maktaba ya kifalme ya Brussels zina machapisho mengi ya Kongo. Riwaya iliyochapwa Paris haistahili mtu kuhatarisha nyumba yake kwa ajili yake.

Kinachostahili ni kile kisicho na ndugu: taarifa za vyama vya kitongoji, magazeti ya mji yaliyochapwa nakala chache, historia za ukoo zilizopigwa kwa mashine, barua za parokia. Fikiria kijitabu cha historia ya mji huu alichokiandika André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa niaba ya watu waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba za Wazungu. Wachunguzi wa nje wasingekipata na kukichapa tena mwaka 1990, wangapi leo wangejua kwamba kiliandikwa?

Kwa upakiaji: mita moja ya vitabu rafuni ina uzito wa kilo 25 hadi 35, kwa hiyo sanduku moja la bati lisipite mita moja. Likipita hapo linahitaji watu wanne, na watu wanne wakibeba sanduku usiku ni tangazo. Laza vitabu, vikubwa chini. Usivifunge kwa plastiki isiyopitisha hewa wakati wa mvua, maana unyevu uliomo utageuka ukungu ndani ya wiki chache. Vifunge kwa karatasi safi au kitambaa cha pamba. Sanduku lisikae sakafuni, kwa ajili ya mchwa. Juu yake andika namba tu. Orodha ya yaliyomo ikae nyumba nyingine, na watu wawili wajue orodha iko wapi na sanduku liko wapi.

Kuna jambo ambalo wahamishaji hulisahau: hatari haiishi, inahamia kwa mwenye nyumba. Mama anayekubali sanduku chini ya kitanda chake bila kuambiwa kilichomo amepewa kesi asiyoijua. Mwambie, naye aamue. Na iandikwe, hata kwa mstari mmoja uliosainiwa na mwenye maktaba, kwamba vitabu ni mali ya parokia au shule na vimewekwa kwa muda. Bila mstari huo, mkutubi anaweza kushitakiwa kwa wizi, shitaka jepesi kulithibitisha kuliko la siasa.

Kukipiga picha

Njia hii ni ya haraka, na thamani yake hutiwa chumvi. Kwa simu nzuri, ubao wa kulaza kitabu na mwanga wa dirisha, watu wawili humaliza kurasa 200 kwa saa moja hadi mbili. Ukilenga ubora wa nukta 300 kwa inchi, kitabu hicho kitachukua megabaiti 100 hadi 200, basi flashi ya kawaida inabeba maktaba ndogo nzima.

Tatizo la kwanza ni simu yenyewe. Kila picha hubeba ndani yake tarehe, aina ya simu, na pengine mahali ilipopigwa. Zima mahali kwenye kamera kabla ya kuanza, na safisha taarifa hizo kabla faili halijatoka kwenye kompyuta. Kufuta picha kwenye simu hakutoshi, kwa sababu hukaa wiki kadhaa kwenye kapu la taka na pengine zimekwisha kupanda zenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni.

La pili ni kutegemea mtandao. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini kwa karibu wiki tatu. Maktaba iliyo mtandaoni tu haikuwepo siku hizo. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti, zimefungwa kwa programu ya kusimba kama VeraCrypt ambayo ni ya bure, na nenosiri lisiandikwe kwenye flashi. Kila mwaka zifungue uone kama bado zinasomeka, maana flashi hufa kimya.

La tatu ni haki ya mwandishi, inayolindwa na sheria ya 1986. Nakala ya kuhifadhi kazi inayotaka kupotea ina utetezi, lakini kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp hakuna, na humpa mpinzani wako sababu safi ya kukushitaki bila kutaja siasa. Tungeitumia njia hii pamoja na kuhamisha, kwa vile visivyo na nakala.

Kukataa kwa maandishi

Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006 inalinda uhuru wa kutoa maoni katika kifungu cha 23 na haki ya kupata habari katika cha 24. Kifungu kinachomgusa mkutubi moja kwa moja zaidi ni cha 28: hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa kinyume cha sheria, na mtumishi wa serikali anafunguliwa utiifu pale amri inapovunja haki za binadamu waziwazi. Watu hukinukuu hadi hapo wakaacha mwisho wake. Mwisho unasema kwamba mwenye kukataa ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba amri ilikuwa haramu waziwazi. Na utathibitishaje amri ya mdomo?

Ndiyo sababu hatua ya kwanza huwa kuomba karatasi, na hapana yako inasubiri. Mtu akifika mezani, lugha iwe ya heshima na fupi: "Mukubwa, karibu. Miye niko mutumishi tu hapa, vitabu ni vya parokia. Mutuachie barua yenye muhuri, nitaifikisha kwa Padri leo leo." Maagizo mengi hufia hapo, kwa sababu aliyetumwa hakutumwa na mtu aliye tayari kutia sahihi.

Akiondoka, mwenye maktaba (padri, prefe pamoja na uratibu wa shule, au kamati ya chama) aandike barua isiyozidi mistari kumi. Taja tarehe na saa ya ziara, cheo ambacho mgeni alijitambulisha nacho, jina la kitabu, alichoomba, na kwamba maktaba inasubiri agizo la maandishi kutoka kwa mamlaka husika. Usitetee yaliyomo kitabuni. Ukianza kueleza kwamba mwandishi hakumaanisha hivyo, umekubali kwamba wao ndio wa kuamua alimaanisha nini. Chapa nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine irudi na muhuri wa kupokelewa. Wakija kuchukua kitabu kwa nguvu, usishindane mwilini; omba PV (hati rasmi) ya ukamataji inayotaja kila kitu kilichobebwa, na wakikataa, andika ya kwako siku hiyo hiyo ukiwa na mashahidi wawili.

Kukataa waziwazi kunafanikiwa panapokuwa na mtu nyuma yako na hakimu mbele yako. Mwaka 2005 wakutubi wanne wa Connecticut, Marekani, walikataa kutoa taarifa za matumizi ya kompyuta zilizotakiwa na FBI, tena chini ya amri ya kutosema lolote. Walikuwa na bodi, mawakili na mahakama, na mwaka uliofuata serikali iliachana na dai lake. Ondoa vitu hivyo vitatu, barua ile ile inakuwa anwani yako. Wenzetu wa Goma, mji ulioingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na wa Bukavu katikati ya Februari, hawana sababu ya kuiga barua ya Lubumbashi. Mahali mwenye amri ni mwenye bunduki, kabati na kuhamisha vinatangulia, na sahihi ya mtu mmoja isionekane popote.

Daftari la mikopo: kaye, kadi au kompyuta

Karibu kila biblioteke ndogo mjini hutumia kaye, yaani daftari la kawaida la kuandikia. Jina, darasa, kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, na kaye ikijaa inawekwa juu ya kabati pamoja na za miaka kumi iliyopita. Ni rahisi, na hakuna chombo kibaya kuliko hicho siku ikibebwa.

| Namna | Kinachobaki kitabu kikirudi | Ikibebwa leo, anaonekana nani |
|---|---|---|
| Kaye | Kila mkopo tangu kaye ianze | Wote, na walichosoma |
| Kadi ya majina ndani ya kitabu | Majina ya wote waliokiazima | Wasomaji wote wa kitabu hicho |
| Kadi na mfuko | Hakuna | Wenye vitabu nyumbani tu |
| Kompyuta | Hutegemea mipangilio | Pengine wote, kwa sekunde moja |

Namna ya pili inawadanganya wengi. Kadi iliyo nyuma ya kitabu, yenye safu ya majina, inaonekana ya kisasa kuliko kaye, lakini humfanya yeyote anayekamata kitabu akamate na watu wake. Kama bado mnaitumia, badilisheni kadi za vitabu vya historia na siasa kwanza.

Kadi na mfuko, mfumo uitwao wa Browne tangu karne ya 19, ndio tunaoupendekeza kwa maktaba yoyote yenye vitabu chini ya 5,000. Kila kitabu kina kadi moja yenye namba na jina la kitabu. Kila msomaji ana mifuko midogo ya karatasi ngumu yenye jina lake, kwa idadi ya vitabu anavyoruhusiwa. Akiazima, kadi ya kitabu inaingizwa kwenye mfuko wake na mfuko unasimamishwa kwenye trei nyuma ya tarehe ya kurudisha. Akirudisha, kadi inarudi kitabuni, mfuko unarudi kwake. Hakuna kilichoandikwa, kwa hiyo hakuna cha kufuta.

Vifaa: karatasi ngumu ya A4 ikikatwa mara tatu kwa tatu inatoa kadi tisa za sentimita 7 kwa 9.9. Vitabu 3,000 vinahitaji karatasi 334, ongeza ishirini za kuharibika. Kwa mifuko, kata A4 katika vipande vinne, kunja kila kimoja katikati ili kiwe na upana wa sentimita 10.5 na kimo cha 7.4, gundisha pembeni sentimita moja kila upande. Kadi itachungulia juu sentimita mbili na nusu, ambapo ndipo namba iandikwe. Wasomaji 200 wenye mifuko miwili kila mmoja wanahitaji karatasi 100. Wanafunzi wawili wakisaidia, kazi nzima ni ya likizo moja. Shida zake ni mbili: trei ikianguka, jioni yako imekwisha, basi iwe na mfuniko na ukanda, na msomaji akipoteza mfuko anataka mwingine, halafu anaazima kwa yote miwili. Andika namba ya mfuko, si jina tu.

Takwimu za mfadhili hazihitaji majina. Kila jioni hesabu mifuko iliyoingia kwenye trei, andika idadi kwa aina ya vitabu, basi.

Kompyuta inastahili tahadhari. Koha, programu ya bure inayotumiwa na maktaba nyingi, inaweza kusahau, lakini haisahau yenyewe. Kwenye mipangilio yake washa OPACPrivacy, na kwenye kila kundi la wasomaji weka faragha ya mwanzo kuwa "kamwe". Kabla ya hapo tengeneza msomaji wa bandia na uweke namba yake kwenye AnonymousPatron. Ukiruka hatua hii, kurudisha vitabu kutakwama. Mikopo ya zamani husafishwa kwa skripti ya batch_anonymise.pl. Wengi huishia hapo. Zima pia IssueLog na ReturnLog, ambazo huandika kila mkopo mahali pengine, na kagua jedwali la statistics, ambalo nalo lina safu ya namba ya msomaji. Kisha tazama nakala za akiba: ile ya mwezi uliopita bado ina kila kitu ulichofuta leo. Na tazama droo. Umeme wa SNEL ukikatika, mikopo huandikwa kwenye vipande vya karatasi "mpaka moto urudi", na vipande hivyo hukaa miaka.

Kuchagua

Shule au parokia yenye mkutubi mmoja na kitabu kinachopatikana kwingine: omba barua, kiweke kabatini kwa miezi sita, badilisha kaye kuwa kadi na mfuko. Chama chenye hati zake zisizo na nakala: piga picha sasa wakati hakuna anayeuliza, hamisha zile za asili kabla ya dhoruba, acha nakala kwenye rafu. Chuo chenye rekta, wakili na jina: kataa kwa maandishi, kwa sababu msipoweza ninyi, mkutubi wa Katuba hawezi. Kutoa kimya hatukuiweka popote, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapotishwa siku hiyo hiyo, na hata hapo pengo la namba libaki.

Mabadiliko ya daftari yafanyike mapema na yawe utaratibu ulioandikwa: "Kaye za mikopo huharibiwa mwisho wa kila mwaka wa masomo, vitabu vikishahesabiwa", umesainiwa na mwenye maktaba na kubandikwa ukutani. Kaye iliyosagwa Julai kwa utaratibu huo ni usafi wa ofisi. Kaye ile ile ikichomwa saa mbili baada ya mtu kuja kuiulizia, ni kuharibu ushahidi, na moshi wake utamfikisha mkutubi mbele ya OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) kabla ya kitabu chochote. Kama wamekwisha kuiulizia, usiiguse: ifungie, sema iko kwa mwenye maktaba, omba karatasi ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na usiku huo kaanze kukata kadi kwa ajili ya mikopo ya kesho.